Pancha sita ndani ya wiki tano, zote tairi la nyuma. Wajuzi wa baiskeli za resi njooni

#1 Pedali ya Tegeta
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina baiskeli ya resi, mtumba, niliichukua Kariakoo mwaka jana. Tairi ni 700 kwa 25, zile nyembamba. Mimi nina kilo 78. Katikati ya wiki natoka Tegeta saa 11 alfajiri, napita Mwenge, naenda Daraja la Tanzanite, nageuza. Jumamosi naelekea Bunju, Mapinga, na mwili ukikubali nafika Bagamoyo.

Ndani ya wiki 5 nimepata pancha 6. Zote za nyuma. La mbele limekaa tu linaniangalia.

Tyubu nimebadilisha mara tatu, tairi lenyewe mara moja. Fundi wa kwanza alisema ni barabara. Wa pili akasema tyubu za siku hizi hazina mpira ndani. Wa tatu aliniangalia tumbo, akanyamaza.

Tatizo hasa ni nini? Nawasilisha.

#2 Mlalahoi 24
Huyo fundi wa tatu ndiye anayejua kazi. Mrudie.

#3 Kokoto
Hakuna muujiza hapo. Baiskeli ya resi hata ukiinama vipi, zaidi ya nusu ya uzito wako unakaa kwenye gurudumu la nyuma, na la nyuma ndilo linalosukuma. Linakandamizwa zaidi, linalika haraka zaidi, likikutana na kigae linakikanyaga kwa nguvu zaidi. Waendesha baiskeli wengi wana pancha nyingi nyuma kuliko mbele. Ongeza upepo, punguza wali.

#4 Chuma Chakavu
Kokoto ana haki kwenye uzito, ila 6 kwa 0 uzito peke yake hauzifikishi.

Mkuu #1, tafuta waya. Malori yakipasukiwa tairi pembeni ya barabara, yale mapande yanayobaki yana nyuzi za chuma ndani, nyembamba kama unywele wa paka. Tairi zikiendelea kuyakanyaga nyuzi zinatoka, zinabaki lami. Ukiukanyaga mmoja, unazama kwenye mpira wako na huuoni kwa nje. Unabadilisha tyubu, unafurahi, kilomita 30 mbele upepo umekwisha. Unalaani Kariakoo bure.

Mimi mmoja ulinila tyubu tatu kabla sijaujua. Vidole havikuuona. Nilichukua pamba ile ya dukani, nikaipitisha taratibu ndani ya tairi pande zote. Mahali pamba iliponasa, nikakunja tairi nje-ndani, nikaona kitu kinameta, urefu hata punje ya mchele haufiki. Nikaung'oa na koleo ya kukatia kucha. Mwisho wa hadithi.

#5 Binti wa Kijichi
#4 umenikumbusha mbali. Kwetu huku Kigamboni na Kimbiji waya si tatizo, tatizo ni mbigili. Ukitoka tu kwenye lami kumpisha mwenye Noah, ukirudi una mbegu tatu zimejishona kwenye tairi. Ila mbigili haibagui mkuu, mbele na nyuma zote inatoboa. Kwa hiyo ya kwako siyo mbigili.

#6 Mzee wa Kibegi
Mbigili ukiuona kwenye tairi USIUNG'OE kama bado kuna upepo na nyumbani ni karibu. Wakati mwingine wenyewe ndio umeziba tundu. Nilimfundisha kijana mmoja, hakusikia, akatembea na viatu vyake vyenye vyuma vya kushika pedali kutoka Kibada hadi darajani. Ko ko ko ko kama mbuzi.

#7 Fundi Mwembeni
Salamu kwenu. Mimi ni fundi, miaka mingi mtaani, Temeke. Mnalaumu mafundi lakini mteja haleti habari kamili. Swali moja tu kwa mleta uzi: tundu liko upande gani wa tyubu?

Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, tafuta waya, msumari, kigae. Likiwa upande wa ndani, unaogusa ringi, barabara haina kosa. Yakiwa mawili yamekaa sambamba kama meno, umegonga shimo na upepo mdogo, ringi imeibana tyubu ikaing'ata. Likiwa kwenye shina la valvu, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Bila jibu hilo tunapiga ramli.

#8 Mlalahoi 24
Fundi umesahau sababu kuu: fundi wa pancha anayemwaga misumari hatua mia kabla ya banda lake. Mjini hapa tunafahamiana.

#9 Fundi Mwembeni
#8 kijana, msumari nanunua kwa hela. Nikuwekee wewe uje uzibe kwa jero na unikope?

#10 Pedali ya Tegeta
Fundi shikamoo. Kusema kweli sikuwahi kuangalia. Nilikuwa naziba tu au natupa. Ila tyubu mbili za zamani bado ziko stoo, kesho nazijaza upepo ndani ya beseni la maji nilete majibu.

Kuhusu upepo: pampu yangu haina saa ya kupimia. Najaza mpaka kidole gumba kikatae.

#11 Kokoto
Kidole gumba 😂😂

Mkuu, kwa tairi la 25 na kilo 78, jaribu kama psi 90 (kipimo cha upepo) nyuma na 80 mbele, kisha rekebisha kidogo kidogo kwa unavyojisikia. Kidole gumba kwenye tairi jembamba kinakataa hata kwenye 50. Hiyo 50 ndiyo inayong'ata tyubu ukigonga shimo.

#12 Askari Kanzu
Ubavuni mwa tairi langu pameandikwa 120. Mimi naweka 120. Sheria ni sheria.

#13 Chuma Chakavu
#12 hicho ni kikomo, siyo agizo. Ukiweka 120 kwa lami zetu unarukaruka kama popcorn, mikono inakufa ganzi, na pancha za waya unapata vilevile.

#14 Kusi na Kaskazi
Ongezeni na jua. Ukijaza saa 11 alfajiri, saa 5 lami ya Bagamoyo inachemka, upepo unavimba ndani, tyubu inapasuka. Imenitokea.

#15 Kokoto
Upepo unavimba ndiyo, ila siyo kiasi hicho. Chukua psi 90 asubuhi kwenye nyuzi 25. Tairi likipata moto hadi nyuzi 45, utafika kama 97. Psi saba tu. Tairi zima halipasuki kwa saba. Kama lilipasuka, ukingo wake haukuwa umekaa vizuri kwenye ringi au tyubu ilikuwa imebanwa chini yake.

#16 Kusi na Kaskazi
Hesabu zako nzuri. Mlipuko niliusikia mimi na mbwa wote wa Boko.

#17 Binti wa Kijichi
Wakati tunasubiri beseni, niwape yangu ya Mapinga.

Saa 1 asubuhi, niko peke yangu, wenzangu wameshaniacha (wanaume wa kundi letu wakiona kilima hawajuani). Pancha ya nyuma. Sina wasiwasi, tyubu ninayo. Naitoa: valvu ya gari! Ringi yangu ina tundu dogo la valvu nyembamba. Muuzaji alinipa, nami sikuangalia. Ile tyubu ilikuwa nzima kabisa, mpya, ina unga wake, na haina kazi yoyote duniani.

Akaja kijana wa bodaboda, akaegesha, akasema dada usihangaike. Akang'oa nyasi pembeni, akazisokota, akazijaza ndani ya tairi badala ya tyubu, akalirudisha kwa nguvu za mikono tu. Nikaendesha polepole hadi Bunju natetemeka kama niko kwenye mashine ya kusaga. Nilipomuuliza nimpe ngapi alikataa. Aliniuliza tu kwa nini baiskeli yenye bei hiyo haina sehemu ya kubebea mtu.

#18 Mzee wa Kibegi
Nyasi ni ufundi wa wazee. Sisi tulijaza majani ya migomba.

Na hilo la valvu mlisikie wote: kabla hujatoka nyumbani ifungue boksi tyubu ya akiba uiangalie. Nyembamba au nene, na shina refu au fupi. Ringi nene ukiiwekea shina fupi, valvu inachungulia tu kama kobe, pampu haishiki.

#19 Askari Kanzu
Na mkumbuke kile kidude cha shaba cha kufunga juu ya valvu nyembamba ili ujaze kwenye kompresa za bodaboda. Kikubwa kama kifundo cha kidole, kinaokoa maisha. Mimi ninavyo vitatu: kwenye begi, kwenye valvu yenyewe, na kimoja kimepotea.

#20 Mlalahoi 24
Swali la mtu wa kawaida. Bei ya hizo baiskeli zenu si mtu anapata bodaboda ya mkononi kabisa? Halafu mnavaa kaptula za kubana mnashuka dukani kununua maji, watoto wanakimbia.

#21 Binti wa Kijichi
#20 kaptula ina sifongo. Kaa saa nne juu ya tandiko la upana wa kisahani cha kikombe ndipo urudi uandike.

#22 Pedali ya Tegeta
Wakuu majibu ya beseni haya hapa, na yamenichanganya zaidi.

Tyubu ya kwanza: tundu moja, upande wa nje, dogo kama la sindano.
Tyubu ya pili: tundu upande wa NDANI, na pembeni yake kuna alama ya duara kama mpira umevimba ukaingia mahali.
Ya tatu ndiyo iliyokuwa kwenye baiskeli. Inavuja kwenye shina la valvu, pale linapoota kwenye tyubu. Imechanika upande mmoja.

Yaani tyubu tatu, magonjwa matatu.

#23 Chuma Chakavu
Ya kwanza ni waya. Nilisema. Pitisha pamba.

#24 Fundi Mwembeni
Ya pili ni utepe wa ringi. Ringi zenu zina matabaka mawili, na kila spoku ina tundu lake kwa ndani. Utepe ndio unaozuia tyubu isizame humo. Ukisogea au ukiwa laini, upepo unaisukuma tyubu kwenye tundu, inavimba kama maandazi, mwishowe inakatika pembezoni. Ndiyo hiyo duara uliyoiona. Fungua tairi uniambie utepe ni wa nini.

#25 Kokoto
Na ya tatu naomba kuuliza: tundu la valvu kwenye ringi ni pana kuliko shina? Mitumba mingi watu wametoboa ringi ili iingie valvu ya gari. Valvu nyembamba inahitaji tundu kama la milimita 6.5, ile nene 8.5. Shina jembamba ndani ya tundu pana linacheza, kila ukipampu linayumba, kingo za ringi zinalikata polepole.

#26 Pedali ya Tegeta
Nimefungua. Utepe wa nyuma siyo utepe. Ni kipande cha tyubu ya pikipiki kilichokatwa kwa mkasi. Mbele kuna utepe halisi, wa kitambaa.

Na tundu la valvu la nyuma nimeingiza kalamu, imepita na nafasi imebaki. Mbele kalamu haipiti.

#27 Mlalahoi 24
Kesi imefungwa. Naomba fundi wa tatu asafishwe jina.

#28 Chuma Chakavu
Haijafungwa. Tundu la kwanza liko nje. Utepe hautoboi kwa nje. Umepitisha pamba?

#29 Fundi Mwembeni
Na mimi sikubali kirahisi kuhusu kipande cha pikipiki. Mtaani tumekitumia miaka yote kwenye baiskeli za Phoenix na hakina shida. Ila Phoenix haijazwi psi 90. Hapo ndipo pana tofauti.

Nyinyi vilevile mkibadilisha njiani mnatumia bisibisi. Bisibisi inaibana tyubu kati ya chuma na ringi, inaacha jeraha ambalo linakaa siku mbili tatu ndipo lifunguke. Mleta uzi, unatolea tairi kwa nini?

#30 Pedali ya Tegeta
Fundi... mpini wa kijiko.

#31 Fundi Mwembeni
Kijiko.

#32 Binti wa Kijichi
Jamani mwacheni 😂 Angalau siyo uma.

#33 Mzee wa Kibegi
Tairi jipya likibana usitumie chuma chochote. Anza upande ulio mbali na valvu, malizia kwenye valvu, kila mara ukisukuma ukingo wa tairi uingie katikati ya ringi ambako kuna bonde. Halafu sukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Viganja tu. Aliyegundua tairi la upepo, yule daktari Mskochi Dunlop, alifanya kwa mikono.

#34 Askari Kanzu
Mzee kwa heshima: Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, na ilikuwa Belfast mwaka 1887, hataza akapata 1888, kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Na hakuwa wa kwanza. Mskochi mwingine, Robert William Thomson, alishapata hataza ya tairi la upepo miaka ya 1840, ila wakati huo hakukuwa na baiskeli za kulitumia, likasahaulika.

#35 Mzee wa Kibegi
Ahsante mwanangu. Ng'ombe au binadamu, tyubu ni ileile.

#36 Kusi na Kaskazi
Kuna nadharia hamjaigusa: tairi la mbele linakanyaga msumari uliolala, linauinua, la nyuma linafika likakuta umesimama. Ndiyo maana mbele hakuna kitu. Ni kama anayetangulia kwenye msafara anaamsha nyuki, wa nyuma wanaumwa.

#37 Kokoto
Nimeisikia mara nyingi, na kwa msumari au kioo naweza kuikubali. Kwa uzi wa waya sidhani, wenyewe hauhitaji kusimamishwa.

#38 Kusi na Kaskazi
Basi nusu yangu. Nachukua.

Nje ya mada kidogo: kuna mwingine ameona Jumamosi ile kwenda Bagamoyo tuliruka kama ndege, kurudi tukalia?

#39 Chuma Chakavu
Jina lako lenyewe ni jibu. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeshaanza. Kwenda inakusukuma mgongo, unajiona bingwa; kurudi inakupiga usoni kuanzia Mapinga hadi Tegeta. Mwezi wa kwanza ikivuma kaskazi ni kinyume, unalia kwenda. Mimi msimu wa kusi naanzia Bunju kushuka mjini kwanza, nateseka asubuhi, narudi nabebwa.

#40 Binti wa Kijichi
Na chumvi je? Mnaopita Tanzanite na ufukwe wa Coco kila siku, mnyororo wangu siku mbili bila kufutwa umeshapata rangi ya chai ya maziwa. Boliti za usukani zimeshika, spana inateleza.

#41 Mzee wa Kibegi
Futa kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, tone moja la mafuta kwa kila pingili, kisha futa tena. Mafuta ya kula hapana. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu nyumbani kwangu alitumia alizeti.

#42 Pedali ya Tegeta
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Mambo yaliyofanyika:

Pamba nimepitisha. Ilinasa. Waya mmoja, nimeupiga picha juu ya kucha, karibu hauonekani. Chuma Chakavu nakuvulia kofia.

Utepe wa kitambaa nimeweka. Kwenye tundu la valvu nimeweka kiduara cha mpira kilichokatwa kwenye kipande cha tyubu nene, kama alivyonielekeza Fundi Mwembeni inboksi. Nimenunua pampu yenye saa. Kumbe kidole gumba changu kilikuwa kinakataa kwenye 55.

Na kwa uchunguzi zaidi nimefanya kama maabara: nimehamisha tairi la nyuma nikaliweka mbele, la mbele nimelipeleka nyuma. Pancha zikihamia mbele, kosa ni la tairi. Zikibaki nyuma, ni ringi au tumbo.

#43 Kokoto
Mkuu hapo kwenye kuhamisha umekosea. La nyuma linalika zaidi, na tairi lililolika halipelekwi mbele. La nyuma likiisha upepo ghafla unayumba tu, unasimama. La mbele likiisha ghafla kwenye kona unalala chini. Jipya au zuri zaidi liende mbele, lililochoka nyuma.

#44 Pedali ya Tegeta
Lina wiki mbili tu mkuu. Ndiyo hilo nililobadilisha.

#45 Kokoto
Basi endelea na maabara. Ila pia umebadilisha vitu vitano kwa mpigo: utepe, valvu, upepo, waya, tairi. Pancha zikiisha utajuaje kilichokuponya?

#46 Fundi Mwembeni
Atakachojua ni kwamba hazipo. Mwenye njaa haulizi tonge lipi limemshibisha.

#47 Kokoto
Ndiyo maana fundi hufungi banda, wateja wanarudi.

#48 Chuma Chakavu
Pamba. Nasema tu.

#49 Mlalahoi 24
Siku 9 kimya. Mleta uzi kapona au kauza?

#50 Pedali ya Tegeta
Nipo mkuu. Siku 9, kilomita kama 260, pancha sifuri. Nimeanza hadi kulala vizuri. Kesho Bagamoyo.

#51 Kusi na Kaskazi
Ungenyamaza.

#52 Pedali ya Tegeta
Wakuu niko Mapinga. Mbele. Tundu liko upande wa nje, pamba imeachwa nyumbani. Na tyubu ya akiba nimeibana mwenyewe nikiiweka, imetoa sauti ya nyoka. Nani yuko njiani?

#53 Fundi Mwembeni
Kijiko?

#54 Pedali ya Tegeta
Fundi sitaki kuzungumzia hilo sasa hivi.

#55 Binti wa Kijichi
Niko Bunju, nakuja na moja. Valvu nyembamba au nene? Na uangalie shina, refu au fupi?